Mpangilio Kabla ya Amri: Ufundi wa Kufundisha Miundo ya Data kwa Vitalu

Katika uwanda wa juu wa Ufipa bado yapo mabaki ya malungu, yaani tanuri ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyushia mawe ya chuma, ambazo baadhi yake zilifikia kimo cha mita 3 na zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu yaliyozunguka kitako, bila ya mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo hakikuwa tayari kwa jembe, bali kilipelekwa kwanza katika tanuri ndogo iliyovukutwa kwa mivuo, kikasafishwa humo, ndipo kikamfikia mhunzi. Kazi hiyo ilififia na hatimaye kukoma katika karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipojaa madukani, na watafiti waliokuja baadaye, wakiwamo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Randi Barndon wa Bergen, walikuta tanuri zingali zimesimama huku wenye kujua utaratibu wake wakiwa ni wazee. Udongo ulikuwapo, mawe yalikuwapo, na miti ya mkaa ilikuwapo. Kilichokuwa kinatoweka ni ujuzi wa kipi hutangulia na kipi hukaa juu ya kipi.

Hali inayofanana na hiyo imeipata kazi moja ya darasani ambayo haijawahi kuhesabiwa miongoni mwa kazi za mafundi, nayo ni kumfundisha mwanafunzi wa kompyuta namna ya kupanga data kabla hajaandika amri hata moja. Vyombo vimeongezeka, programu za kufundishia hupatikana bila malipo, na vyeti vya mafunzo ya siku mbili hutolewa kwa mkono mkarimu. Lakini mwalimu anayesimama ubaoni na chaki, akachora visanduku kumi vyenye namba, kisha akamtaka mwanafunzi aseme kwa kinywa chake ni vipi vitakavyohama na kwenda wapi endapo kisanduku cha tatu kitaondolewa, anazidi kuadimika. Kinachoitwa miundo ya data ni mpangilio huo hasa: safu, ambayo ni mfululizo wa nafasi zenye namba, rundo, ambalo kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza, foleni, ambayo aliyetangulia kuingia ndiye hutangulia kutoka, orodha ya viungo, ambayo kila kipengele hubeba namba ya kumfikia mwenzake, na mti, ambao kila tawi huweza kugawanyika kuwa matawi mengine.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoshushwa kutoka mbinguni. Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon walibuni orodha za viungo katikati ya miaka ya 1950 kwa sababu walitaka kompyuta ithibitishe hoja za mantiki na hawakujua mapema ni nafasi ngapi zingehitajika. Friedrich Bauer na Klaus Samelson, huko Ujerumani, waliliombea rundo hataza mwaka 1957. Na Donald Knuth alipotoa juzuu ya kwanza ya kazi yake kubwa mwaka 1968, aliutenga mlango mzima kwa ajili ya namna habari zinavyopangwa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Niklaus Wirth aliliweka jambo hilo kwenye jina lenyewe la kitabu chake cha 1976, akidai kwamba programu ni jumla ya kanuni za utendaji na miundo ya data. Watu wa kizazi hicho walikuwa na kumbukumbu ndogo mno za kompyuta, na umaskini huo uliwafanya kuwa waangalifu.

Programu ya vitalu ilizaliwa kwa nia nyingine kabisa, na ni ajabu kidogo kwamba ndiyo iliyokuja kuuhifadhi uangalifu huo. Kitalu ni amri iliyochorwa kama kipande cha rangi chenye mbenuko na mfuo, ambacho mwanafunzi hukivuta kwa kipanya na kukipachika chini ya kingine, na kama viwili havilingani kwa umbo, basi havipachikani. Ukoo wake unaanzia kwenye Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, aliyeamini kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi anapounda kitu kinachoonekana. Mwaka 2007 kundi la Mitchel Resnick katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts lilitoa Scratch kwa ajili ya watoto na vijana. Na Jens Mönig pamoja na Brian Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaiendeleza dhana hiyo katika Snap!, lugha ya vitalu yenye uwezo wa kutosha kwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Kwa mwanafunzi wa Rukwa, mkoa wenye uwanda huo wa Ufipa, faida ya kwanza ya vitalu haimo katika rangi zake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakutana na masomo yote kwa Kiingereza, na akianza kuandika programu katika lugha ya maandishi hukutana tena na kanuni za uandishi ambazo humwadhibu kwa nukta-mkato moja iliyosahauliwa. Kwa hiyo hupigana vita vitatu kwa wakati mmoja, vya lugha, vya tahajia na vya fikra, na mara nyingi hivyo vya tatu ndivyo huachwa bila mpiganaji. Vitalu huondoa vita vya tahajia moja kwa moja, na kwa kuwa Scratch inayo orodha ya lugha ambamo Kiswahili kimo, hupunguza pia vile vya kwanza. Faida nyingine ni ya kawaida lakini haipaswi kudharauliwa: Scratch hufanya kazi katika kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, jambo lenye uzito katika mkoa ambao makao yake makuu, Sumbawanga, kwa miaka mingi yalitegemea umeme ulionunuliwa Zambia, na lenye uzito zaidi katika kata kama Kaoze, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako kufika mjini ni kuupanda kwanza ukuta wa Bonde la Ufa.

Hata hivyo, sifa hizo ni za chombo, si za fundi. Ufundi huanza pale mwalimu anapotambua kwamba Scratch ina tabia moja ambayo lugha nyingi za wakubwa hazina, nayo ni kwamba orodha ikishaundwa huonekana kwenye kioo kama safu wima ya visanduku vyenye namba kuanzia 1, na kila kipengele kinapoongezwa, kufutwa au kubadilishwa, macho hushuhudia. Katika lugha ya maandishi data hukaa gizani, na mwanafunzi huamini kwa imani tu kwamba ipo; katika Scratch huiona ikisogea. Mwalimu asiye stadi hulichukulia hilo kuwa pambo, akalificha dirisha la orodha ili paka wa kwenye kioo, mhusika anayekuja na Scratch, apate uwanja mpana wa kuchezea. Mwalimu stadi humwondoa paka.

Foleni ndiyo inayofaa kwa kuanzia, na mjini Sumbawanga haina haja ya kutungiwa mfano, kwa maana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi huko, na mkulima wa Ufipa anajua maana ya kusubiri zamu akiwa na magunia yake. Mwanafunzi huunda orodha ya majina. Anayefika huongezwa mwishoni, na aliyehudumiwa hufutwa katika nafasi ya 1. Programu hufanya kazi, na darasa zembe huishia hapo. Mwalimu anayeijua kazi yake huuliza kilichotokea kwa wengine: jina la kwanza lilipofutwa katika foleni ya watu 500, majina 499 yalisogezwa nafasi moja moja, na yatasogezwa tena kwa kila atakayehudumiwa, ingawa kwa mantiki hakuna hata mmoja aliyehitaji kuguswa. Baada ya mahangaiko yanayostahili, mwanafunzi huongozwa kuunda vigeu viwili, yaani visanduku vya kuhifadhia thamani mojamoja, kimoja kikikumbuka nafasi ya mbele na kingine nafasi ya nyuma, ili watu wakae pale walipo na kinachosogea kiwe ni namba tu. Foleni ikifika mwisho wa nafasi zilizotengwa, hurudi mwanzoni kuchukua nafasi zilizoachwa wazi, na hapo ndipo mstari mnyoofu unapogeuka kuwa duara.

Wazo la duara ndilo linalomfungulia mlango mwalimu wa Afrika Mashariki, kwa sababu duara hilo limechongwa katika mbao za nchi hii tangu kabla ya kompyuta. Bao la Kiswahili, ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda, lina mashimo 32 katika safu nne za manane, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki mashimo 16, safu yake ya mbele na ya nyuma, naye husambaza kete akizunguka ndani ya hayo 16 bila kuvuka kwenda kwa mwenzake. Kwa hiyo upande mmoja wa bao ni safu ya duara yenye nafasi 16, na si kwa kufananisha: ukiandika orodha yenye vipengele 16, ukaihesabu safu ya mbele kutoka kushoto kama 1 hadi 8, na safu ya nyuma kutoka kulia kama 9 hadi 16, umelihamishia bao ndani ya mashine bila kulipotosha.

Ugumu wa kwanza ni kuvuka kutoka 16 kurudi 1. Mwanafunzi wa kawaida huweka sharti, akasema kwamba ikiwa nafasi ni 16 basi ifuatayo ni 1, vinginevyo ongeza moja. Na sharti hilo ni sahihi. Lakini mwalimu humwonyesha kitalu cha baki, yaani kile kinachotoa kinachosalia baada ya kugawanya, na kumwacha agundue kwamba nafasi inayofuata ni baki ya nafasi ya sasa kwa 16, ukiongeza 1. Kwa kuwa bao huchezwa kwa pande zote mbili, lazima apate pia njia ya kurudi nyuma, nayo si rahisi kuikisia: nafasi iliyotangulia ni nafasi ya sasa ukiongeza 14, ukachukua baki yake kwa 16, kisha ukaongeza 1. Mwanafunzi asiyeamini huijaribu kwa 1 akapata 16, kwa 2 akapata 1, kwa 16 akapata 15, na kabla hajatosheka huwa ameijaribu kwa zote 16, jambo ambalo hakuna mtihani ulioweza kumlazimisha kulifanya. Kisha huja suala la shimo linalokabili lake, kwani bila hilo hakuna kula, yaani kuchukua kete za mpinzani. Na kwa kuwa wachezaji wameketi wakitazamana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine, na shimo la mbele la mpinzani linalokabili nafasi yoyote ya safu ya mbele ni 9 ukitoa namba ya nafasi hiyo. Watoto waliokulia kandokando ya mabao ya wazee hulijua hilo kwa macho, lakini hawajawahi kuliona likiandikwa.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo la thamani kuliko yote, ambalo vitabu vya kiada hulipitia kwa mstari mmoja. Katika mwanzo wa bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 6 katika nyumba, shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwake, huku kete 22 zikibaki ghalani za kunamulia, yaani za kuingizwa mchezoni moja moja. 10 na 22 ni 32, na pande mbili ni 64. Hesabu hiyo haibadiliki mchezo mzima, kete zihame vipi, ziliwe na nani. Kwa hiyo mwalimu humwagiza mwanafunzi aunde kitalu chake mwenyewe ambacho baada ya kila hatua hujumlisha orodha zote mbili pamoja na maghala yote mawili, na jumla ikiwa si 64 programu isimame na kupiga kelele. Wanasayansi wa kompyuta huliita hilo sharti lisilobadilika, nalo ni nguzo ya uthibitishaji wa programu duniani kote. Lakini mchezaji wa bao ambaye hajaenda shule hugundua kwamba kete moja imeangukia mchangani kabla hata hajaiona, kwa kuwa jicho lake limezoea ukamilifu wa ile hesabu.

Nyumba huleta funzo jingine, zito zaidi. Maadamu nyumba haijasafiri, yaani kete zake hazijasambazwa, wala haijaliwa, na ina kete 6 au zaidi, mwenyewe ana haki ambazo shimo jingine halina. Ikishavunjika, shimo lilelile likiwa na kete zilezile halina tena haki hizo. Maana yake ni kwamba picha mbili za bao zinaweza kulingana kete kwa kete na bado zikawa michezo miwili tofauti, na mwanafunzi aliyehifadhi idadi za kete pekee atashindwa bila kujua kwa nini, mpaka atambue kwamba muundo wa data lazima ubebe pia sehemu ya historia isiyoonekana kwa macho: nyumba ya huyu ingalipo au haipo, ya yule ingalipo au haipo. Akitaka kumpa mchezaji uwezo wa kurudi nyuma hatua moja, inambidi aziweke katika rundo namba 32 za mashimo, mbili za maghala, mbili za nyumba na moja ya zamu, jumla 37, na wakati wa kuzitoa hushangaa kwamba ya mwisho kuwekwa ndiyo inayotoka kwanza, hivyo ni lazima arejeshe kinyumenyume. Rundo huwa limejieleza lenyewe, bila fasili ya kukaririwa.

Wasomi wamelichukulia bao kwa uzito ambao wachezaji wenyewe mara nyingi hawalipi. Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Unguja kwa ajili ya tasnifu yake ya 1995, akitafuta mipaka ya akili ya mwanadamu katika mchezo huu. Baadaye yeye na wenzake wa Uholanzi walionyesha kwamba zipo hali ambamo hatua moja ya bao haikomi kamwe, kete zikizunguka daima bila ya kulala. Mwanafunzi aliyeandika kitanzi cha kusambaza, yaani fungu la amri linalojirudia hadi kete ya mwisho ianguke katika shimo tupu, hujifunza kwa taarifa hiyo kwamba neno hadi si ahadi. Ron Eglash naye, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu jiometri ya Kiafrika, alionyesha mifumo ya kihesabu katika michezo ya jamii hii ya bao, kisha akatengeneza pamoja na wenzake zana za vitalu ambazo watoto huzitumia kuchunguza misuko ya nywele na nakshi. Karibu zaidi na Ufipa, Chuo Kikuu cha Tumaini huko Iringa kilianzisha mwaka 2007 programu ya shahada ya teknolojia ya habari iliyojengwa juu ya mazingira ya Tanzania, ambamo Matti Tedre kutoka Finland alikuwa miongoni mwa waasisi, mtu aliyekuwa ameandika kwamba kompyuta nayo ina utamaduni iliozaliwa nao na haipaswi kufundishwa kana kwamba haina kwao.

Mabishano makali zaidi juu ya vitalu yanahusu upungufu wake. Orodha ya Scratch haiwezi kuwa na orodha nyingine ndani yake, na wapo wahadhiri wanaoitupa kwa sababu hiyo, wakisema kwamba lugha isiyoweza kubeba mti haifai kufundishia miundo ya data. Hoja hiyo ina haki kwa anayeharakia mtaala, naye anayo Snap! ya kukimbilia, ambamo orodha huingia ndani ya orodha bila kikomo. Lakini katika upungufu ule umejificha ufundi wa zamani. Mwanafunzi anayetaka orodha ya viungo katika Scratch huunda orodha mbili zinazokwenda sambamba, ya kwanza ikishika majina na ya pili ikishika, kwa kila jina, namba ya nafasi ya anayefuata, huku 0 ikimaanisha mwisho. Ndivyo walivyofanya waandishi wa programu wa enzi za Fortran, waliokuwa na safu tupu na akili zao.

Sasa jina jipya linapaswa kuingizwa kati ya mawili yaliyokwisha kuunganishwa. Namba mbili tu ndizo za kubadilishwa, na vitalu viwili vinatosha: kimoja kinamwambia mgeni kwamba anayemfuata ni yule aliyekuwa akimfuata mwenyeji, na kingine kinamwambia mwenyeji kwamba sasa anafuatwa na mgeni. Vitalu hivyo hupachikana vizuri kwa utaratibu wowote, na umbo lake halimwonyi mtu. Ukitanguliza cha pili, mwenyeji husahau aliyekuwa akimfuata kabla mgeni hajarithi habari hiyo, na mkia wote wa orodha hupotea: majina bado yamo katika visanduku vyake, yanaonekana kwenye kioo, lakini hakuna njia tena ya kuyafikia kwa kufuata viungo. Mwalimu mwenye haraka husahihisha kosa hilo kabla halijatendeka. Mwalimu stadi huliacha litendeke, akaketi kimya darasa likitazama majina yaliyopo na yasiyofikika, kisha akagawa karatasi na kudai jedwali la ufuatiliaji, yaani jedwali ambamo thamani ya kila kisanduku huandikwa kwa mkono baada ya kila amri, mstari kwa mstari, hadi kosa lionekane kwenye mstari wake. Anayeikumbuka adha ya jedwali hilo hawezi tena kuvuruga utaratibu wa vitalu viwili vile.

Pasi na jedwali, vitalu vyenyewe havina miujiza. David Weintrop na Uri Wilensky, waliolinganisha madarasa ya sekondari huko Marekani, walikuta kwamba wanafunzi walioanza na vitalu walipiga hatua kubwa zaidi katika wiki 5 za mwanzo kuliko walioanza na maandishi; lakini wote walipohamishiwa Java, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka wiki 10 baadaye. Matokeo hayo hutumiwa na wapinzani wa vitalu kama kombeo, ilhali kinachopaswa kuulizwa ni nini kilifanyika siku ya kuhama, kwa maana mwanafunzi anayeingia Java ameshika orodha mbili sambamba mkononi si sawa na anayeingia amemshika paka wa kwenye kioo.

Na paka ndiye aliyeshinda. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na kufikia 1974 serikali, ikiwa imechoshwa na hasara, ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Tangu marufuku ilipolegea, shauku ya kufidia muda uliopotea imekuwa kubwa, na shauku hiyo haina subira na visanduku kumi vya chaki. Mafunzo ya vitalu yanayofika mikoani mara nyingi huja kama sherehe: fulana, picha za pamoja, mchezo wa kurusha tufe uliokamilika kabla ya chakula cha mchana, cheti, na gari linaondoka. Jirani Kenya ilizindua mwaka 2022 silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, jambo la kupongezwa. Lakini silabasi haimwambii mwalimu wakati wa kunyamaza mkia wa orodha unapopotea, na hakuna waraka unaoweza kumwambia.

Huko vyuoni hali si nafuu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huelezwa kwamba foleni imekwisha kutengenezwa na wengine, imo katika maktaba ya lugha, ina jina, na anachotakiwa ni kuliita jina hilo. Huliita, foleni huja, na hajui kama vipengele vyake husogea au la. Akiulizwa katika mtihani, huandika fasili ya rundo kwa ufasaha na kulisifu kwa matumizi yake manne. Tangu zana za akili unde zilipoenea, hata kuliita jina hilo kumekuwa kazi ya mashine, na orodha ya viungo inayotumwa na mashine hiyo kwa kawaida huwa sahihi, ina maelezo mazuri pembeni, na humnyima mpokeaji nafasi ya kuupoteza mkia wa orodha kwa mkono wake mwenyewe. Wahadhiri wanaolalamikia jambo hilo ni wengi. Wanaorejesha jedwali la ufuatiliaji katika semina zao ni wachache, kwa sababu kusahihisha majedwali 120 yaliyoandikwa kwa kalamu ni kazi ya usiku, na hakuna fomu ya kupandishwa cheo inayouliza idadi ya majedwali yaliyosahihishwa.

Kwa shule ya kata ya bondeni, Kaoze au kwingineko, yote hayo yanaweza kuonekana ni malalamiko ya walioshiba, maana panapokosekana kompyuta za kutosha darasa zima hakuna anayebishana kama foleni iwe ya duara. Lakini ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundi huu haihitaji umeme: bao lipo, kete zipo, chaki ipo, na vitalu vinaweza kukatwa katika maboksi ya katoni na kupangwa juu ya dawati hadi zamu ya kompyuta ifike. Wachezaji wa bao wanaoweza kumsahihisha mwanafunzi pale programu yake inapoinyima nyumba haki yake bado wako hai, chini ya miembe ya mitaa ya Sumbawanga na katika vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Rukwa, nao hawajaitwa darasani. Mwanafunzi wa miundo ya data hupita karibu nao akielekea kwenye mkahawa wa intaneti, ambako atachapisha kazi aliyoipakua, yenye kurasa 14 na jalada la rangi, juu ya tofauti kati ya rundo na foleni.